MIGUU YA MTOTO NA MLANGO WA CHUO KIKUU

Kila mwaka michezo ya shule za sekondari inapokaribia, huzuka katika vijiji vyetu vya Murangi na Majita, na katika visiwa vya jirani, swali lile lile. Watu hukusanyika kando ya uwanja, humwona kijana akiwaacha wenzake nyuma kwa mzunguko mzima, na mzee mmoja huuliza: Je, huyu, kwa mbio zake hizi, hawezi kuchukuliwa na Chuo Kikuu? Wapo wanaojibu kwamba ataweza bila shaka, kwa kuwa wamesikia habari za waliokwenda Marekani kwa sababu ya miguu yao. Wapo wanaocheka na kusema kwamba Chuo Kikuu si uwanja wa mpira. Majibu yote mawili hutolewa kwa uhakika mkubwa, na yote mawili yana kasoro.

Sisi tunaliona swali hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa. Jibu analolipata mzazi ndilo linaloamua kama mtoto atabaki darasani saa za jioni au atapelekwa uwanjani. Kama fedha za msimu wa dagaa zitalipia masomo au zitakabidhiwa kwa mtu anayejiita wakala. Kama binti wa kidato cha tatu ataachwa aendelee kusoma au ataambiwa kwamba mbio hazina faida, afadhali aolewe. Jibu la ovyo katika jambo kama hili laweza kumpotezea mtoto miaka minne ya umri wake, na miaka hairudishwi na ofisi yoyote. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kulipima jambo hili kwa insafu, bila ya kumvunja mtoto moyo wala kumdanganya.

Tuanze nyumbani. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imeweka kima cha chini cha kuingilia shahada ya kwanza. Mhitimu wa kidato cha sita hutakiwa awe na ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayohusiana na kozi anayoiomba, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye stashahada naye hutakiwa awe na wastani usiopungua 3.0. Tangu mwaka 1917 hadi leo dunia imeona mapinduzi mengi, lakini katika vigezo hivi vya udahili wetu hakuna mapinduzi yaliyoingiza mbio, mpira wala kuruka. Medali ya UMISSETA, hata ikiwa ya dhahabu na ya ngazi ya taifa, haiongezi nusu pointi.

Tena pointi 4 ni kizingiti tu. Waombaji wanapokuwa wengi kuliko nafasi, kama ilivyo kwa kozi zinazogombewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, huchukuliwa walio juu na kuachwa walio chini, ijapokuwa wote wamevuka kizingiti. Hata shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huitoa, mlango wake hufunguliwa kwa cheti cha mtihani. Anayeitaka hatakimbia mbele ya jopo la walimu. Ataonyesha alama zake. Basi mtu anayemwambia mtoto wa Murangi kwamba Mlimani watamchukua kwa sababu ana mbio, anamwambia jambo ambalo halimo katika utaratibu wa nchi.

Lakini nchi yetu haikuhesabu alama peke yake siku zote, na sisi watu wa Mara tunapaswa kulikumbuka hilo kuliko wengine. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Azimio hilo hukumbukwa zaidi kwa kuagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Aghalabu husahauliwa kwamba liligusa pia mlango wa Chuo Kikuu. Iliamuliwa kwamba kijana amalizapo kidato cha sita asipite moja kwa moja kwenda chuoni. Apitie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na aombe nafasi akiwa na maoni mema ya mahali pake pa kazi na ya Chama. Maana yake ilikuwa wazi: mtihani hupima sehemu moja tu ya mtu, na taifa lina haki ya kuuliza habari za sehemu nyingine.

Kuna mafunzo mawili katika historia hiyo. La kwanza ni kwamba si kufuru kusema kwamba udahili uangalie mambo zaidi ya alama. Taifa letu lilisema hivyo, tena lilisemea hapa hapa kando ya Ziwa. La pili ni kwamba kigezo chenye nia njema chaweza kumfungia mlango mtu ambaye hakuna aliyemfikiria. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba idadi ya wanawake wanaoingia Chuo Kikuu imeshuka, kwa kuwa miaka ile ya kungoja ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Ikabidi wanawake waondolewe sharti hilo, na katika miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ukalegezwa. Yeyote anayetaka leo michezo itiwe katika mizani ya udahili na akumbuke mafunzo yote mawili kwa pamoja.

Sasa tutazame ng'ambo, ambako matumaini mengi ya vijana wetu yameelekea. Matumaini hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Yana jina, na jina hilo ni la mtu wa kwetu. Suleiman Nyambui, aliyezaliwa Majita mwaka 1953, alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso kwa sababu ya mbio zake. Alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mita 10,000 mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alipata medali ya fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mwaka 1981 aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 katika uwanja wa ndani huko New York, na mwaka 1987 na 1988 akashinda marathoni ya Berlin. Filbert Bayi na Gidamis Shahanga nao walipita katika chuo hicho hicho. Medali ya Nyambui na ile ya Bayi ya mwaka huo wa 1980, aliyoipata katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, zilikuwa bado ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania hata baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024.

Tunayataja haya kwa fahari, lakini fahari isitutie upofu. Nyambui alitwaa ubingwa wake wa kwanza wa mita 10,000 akiwa na umri wa miaka 26, na wa mwisho akiwa na miaka 29. Tangu siku zile kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani zimekazwa juu ya umri na juu ya muda ambao mtu amekaa baada ya kumaliza sekondari. Kwa mbio nyingi, anayekaa zaidi ya mwaka mmoja huku akishindana huanza kupunguziwa misimu ya kushiriki. Kijana wetu anayemaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miaka mitano akivua na kukimbia katika mashindano ya mitaani, kisha akaamka siku moja na kusema kwamba ataifuata njia ya Nyambui, atakuta njia ile imeota majani.

Sharti la pili ni la masomo. Chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kiitwacho NCAA, kwa vyuo vya daraja la kwanza humtaka mwanafunzi awe amesoma kozi 16 za msingi katika sekondari, kama Kiingereza, hisabati na sayansi, na wastani wake katika hizo usipungue 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Vyeti vya Baraza la Mitihani vya mtoto wa Tanzania hupelekwa huko vikapimwa. Ni kweli kwamba mwaka 2023 NCAA iliacha kudai mtihani wao maalumu wa SAT. Lakini mlango wa chama cha michezo ni mmoja, na mlango wa chuo chenyewe ni mwingine. Harvard, Yale na vingine kadhaa vilivyokuwa vimeulegeza mtihani huo vilitangaza mwaka 2024 kuurudisha. Kwa hiyo kijana aliyeshindwa hisabati ya kidato cha nne asidhani kwamba miguu itamjibia.

Sharti la tatu ni la fedha na nafasi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Husemwa kwamba kila anayechukuliwa kwa michezo hulipiwa kila kitu. Sivyo. Kwa muda mrefu vyuo vya daraja la kwanza viliruhusiwa ufadhili usiozidi 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake katika riadha yote, na mwalimu wa michezo aliugawa vipande vipande: huyu nusu, yule robo. Baada ya maamuzi ya mahakama ya mwaka 2025, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vimewekewa kikomo cha idadi ya wachezaji, 45 kwa riadha na 17 kwa mbio za nyika, badala ya kikomo cha ufadhili. Chuo sasa chaweza kutoa zaidi kikipenda, lakini hakilazimiki. Na timu ikishakuwa na kikomo cha watu, mwalimu huogopa kumchukua asiyemjua. Mtoto ambaye mbio zake hazijaandikwa popote ni mtu asiyejulikana.

Lipo na la nne, ambalo halitokani na michezo kabisa. Mwezi wa Desemba 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kuiongeza Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya viza, zikiwamo viza za wanafunzi, kuanzia Januari 2026. Mambo ya namna hii hubadilika kwa amri ya siku moja, na yaweza kubadilika tena. Lakini mzazi asilipe hata senti moja kwa ajili ya safari kabla ya kuuliza, mahali panapohusika, kama mlango huo uko wazi siku hiyo.

Je, basi tuseme hakuna tumaini? Hasha. Tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2004 Dokta Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, pamoja na mwandishi wa Kimarekani John Manners, walianzisha mpango wa kuwapeleka vijana wa Bonde la Ufa katika vyuo vikuu vinavyochagua sana huko Marekani, vikiwamo Harvard na Yale. Utaratibu wao unafaa kuzingatiwa neno kwa neno. Kwanza walitazama matokeo ya mtihani wa taifa na kuwaita wale tu waliofaulu vizuri sana. Kisha, kule Iten katika nyanda za juu, wakawapima kwa mbio za mita 1,500, na baadhi yao hawakuwa wamewahi kufanya mazoezi ya mbio maishani mwao. Ona mpango ulivyopangwa: darasa lilitangulia, uwanja ukafuata. Mbio zilimwongezea uzito yule ambaye alikwisha kustahili. Hazikumfanya astahili asiyestahili.

Kwamba uzito huo ni mkubwa, hapana ubishi. Katika kesi ya udahili dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyofunguliwa mwaka 2014 na kuamuliwa na Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani mwezi wa Juni 2023, kumbukumbu za chuo zilitolewa hadharani. Wachumi waliozichambua walionyesha kwamba waombaji waliotakiwa na makocha walikubaliwa kwa kiwango cha takriban 86 kwa kila 100, ilhali kwa waombaji wengine hawakufika hata 10 kwa kila 100. Lakini tujiulize ni akina nani hao. Wengi ni watoto wa shule zenye fedha, wanaocheza michezo ambayo mtoto maskini haioni: vitara, tenisi ya ukutani, makasia. Watoto wa Rukuba na Irugwa hupiga makasia tangu hawajajua kusoma, wala hakuna aliyewahi kusimama gatini na saa kuwapima.

Na mahali penye upendeleo, hila haiko mbali. Mwezi wa Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani waliwafikisha mahakamani wazazi matajiri, makocha na dalali wao, Rick Singer, kwa kuwaingiza vyuoni watoto kwa sifa za uongo za michezo. Baadhi yao walipigwa picha wakijifanya wachezaji wa michezo wasiyoijua. Makocha wa vyuo vikubwa kama Yale na Georgetown walikuwa miongoni mwa waliopatikana na hatia. Ikiwa hayo yametokea kule kwenye kumbukumbu nyingi na macho mengi, yatakuwaje kwetu, ambako barua ya sifa huandikwa kwa nusu saa na kupigwa muhuri kwa kujuana?

Sasa tunaweza kulijibu swali la mzee wetu. Tuwachukue wanafunzi watatu wa mfano, na kila msomaji amtafute wa kwake kati yao.

Wa kwanza ana alama nzuri darasani na miguu mizuri uwanjani. Huyu nafasi yake ni kubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa nyumbani alama zake zitampeleka chuoni hata akivunjika mguu, na ng'ambo miguu yake itamtenganisha na maelfu ya wenye alama kama zake. Kinachomkwamisha ni kutojulikana, si kutostahili.

Wa pili ana mbio za ajabu lakini alama zake ni za katikati. Huyu nyumbani hatapata kozi inayogombewa, lakini anaweza kuipata njia ya kuzunguka: stashahada yenye wastani mzuri, kisha shahada. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, hakiko mbali na sisi, wala ualimu wa michezo si kazi ya kuonewa haya katika nchi ambayo shule zake zina uhaba wa watu wa kazi hiyo. Ng'ambo anaweza kupata chuo cha kawaida, akiwahi. Kila saa anayoiongeza kwenye hisabati na Kiingereza itamfaa kuliko saa anayoiongeza uwanjani, kwa sababu uwanjani alikwisha kuwa mzuri.

Wa tatu ana miguu tu, na darasani ameacha kuhudhuria. Huyu anaweza kuwa mwanariadha mashuhuri, aliyeajiriwa na jeshi, polisi au magereza, na tutamshangilia. Lakini nafasi yake ya kuingia chuo kikuu kinachochagua, nyumbani au ng'ambo, ni ndogo mno, na anayemwambia vinginevyo hamtakii mema. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa aina hii hawakuzaliwa hivyo. Walikuwa wa aina ya kwanza wakiwa darasa la saba, tukawafanya wa aina ya tatu sisi wakubwa kwa kuwasifia miguu na kuwasamehe vitabu.

Mtoto wa kisiwani ana mzigo zaidi. Wengi wao huvuka maji ili kuipata sekondari, na hali ya Ziwa haimngoji mwalimu afungue somo. Usiku wa giza ni usiku wa dagaa, na alfajiri yake mikono ya watoto hutakiwa kwenye kuanika. Kiwanja tambarare ni haba juu ya mawe. Ikiwa pamoja na hayo yote mtoto huyo anashinda mashindano ya kata, basi kipaji chake ni kikubwa kuliko inavyoonyesha saa. Lakini hakuna chuo duniani kitakachomhesabia mawimbi. Wa kumhesabia ni sisi, tena mapema, kabla hajafika kwenye mlango wa udahili.

Kwa viongozi wa Chama na Serikali, tangu kata hadi mkoa, tunayo haya ya kusema.

Kwanza, kila shule iwe na daftari la michezo, ambamo huandikwa tarehe, umbali uliopimwa, muda uliotumika na sahihi ya mwalimu. Walau uwanja mmoja katika kila tarafa upimwe mita 400 kamili. Kamba, chokaa na saa ya kupimia havihitaji kusubiri bajeti ya taifa. Bila ya daftari, ushindi wa mtoto huyeyuka siku ile ile vumbi linapotulia.

Pili, umri na majina. Tunajua kwamba baadhi ya timu hupunguza umri wa watoto ili kushinda UMITASHUMTA. Wanaofanya hivyo wanaiba kombe la wiki moja na kumwachia mtoto deni la maisha yote, kwani siku ya kuomba chuo cheti cha kuzaliwa kitasema hivi, cheti cha shule kitasema vile, na faili litafungwa. Cheti cha kuzaliwa kipatikane mapema, na jina liwe moja katika karatasi zote.

Tatu, mabweni. Mwanafunzi wa kisiwani mwenye kipaji, awe wa darasani au wa uwanjani, apewe nafasi ya kwanza katika mabweni ya shule za bara, na wasichana watangulie. Tusirudie kosa la kuweka utaratibu unaomsahau msichana kisha kuurekebisha baada ya miaka.

Nne, michezo isiwe adui wa masomo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba inapoteza muda wa masomo. Dawa ile haikutibu. Dawa iliyo bora ni kanuni nyepesi: mwanafunzi asiyehudhuria darasani asiingie timu ya shule, hata akiwa ndiye mwenye mbio kuliko wote. Mwalimu mkuu atakayethubutu kuitekeleza atalaumiwa mwaka wa kwanza na kushukuriwa mwaka wa tano.

Tano, kwa Wizara na Tume ya Vyuo Vikuu. Hatuombi kizingiti kishushwe. Kumshusha mtoto kizingiti ni kumwingiza darasa ambalo litamshinda. Tunaomba kwamba, pale waombaji wawili waliovuka kizingiti wanapolingana, na hasa katika shahada za elimu ya viungo na sayansi ya michezo, kumbukumbu ya michezo iliyoandikwa na kuthibitishwa ihesabiwe. Na ihesabiwe kwa muda uliopimwa mbele ya mashahidi, si kwa barua ya mkubwa. Hapo roho ya Azimio la Musoma itakuwa imehuishwa, na udhaifu wake umeepukwa.

Kwa wazazi tuna maneno machache. Msimpe fedha mtu anayeahidi chuo cha ng'ambo. Chuo kinachomtaka mtoto humwandikia chenyewe, kwa jina lake, na usajili wa NCAA mwanafunzi huufanya yeye mwenyewe akisaidiwa na mwalimu wake. Wakala anayetaka malipo kabla ya barua ya chuo kuonekana ni mvuvi, na samaki wake ni nyinyi. Mwulizeni mtoto kila jioni mambo mawili, si moja: amekimbia vipi, na amesoma nini.

Na kwa wanafunzi wenyewe, wa Murangi, wa Majita na wa visiwani: mbio zenu ni amana, kama ilivyo akili yenu. Ziendesheni pamoja. Mlango wa chuo kikuu hufunguliwa kwa alama. Miguu humsaidia aliyekwisha kufika mlangoni asisukumwe nyuma. Mtu wa Majita alikwisha kuuonyesha ulimwengu kwamba udongo huu unaweza kuzaa bingwa. Kazi iliyobaki ni ya madaftari, mabweni, vyeti na hisabati. Kazi hiyo haina shangwe, lakini iko ndani ya uwezo wetu, na inaweza kuanza muhula huu.